Mlango Tumeulipia, Kufuli Tunauziwa Kando

Alama ndogo ya kufuli, ya rangi ya kijivu, ndiyo iliyoniharibia asubuhi ya Jumanne iliyopita. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa mipangilio wa programu ya wingu ambayo ofisi yetu imeitumia kwa miaka 4 kutunza mikataba na kumbukumbu za wateja, nikashuka hadi sehemu ya usalama, na hapo nikayakuta maneno niliyokuwa nikiyatafuta: kuingia mara moja kwa SAML, yaani kiwango cha kiufundi kinachomwezesha mtu kufungua programu zote za kazi kwa akaunti moja kuu. Swichi ilikuwapo. Nilipoibofya haikusogea, badala yake kilichomoza kidirisha kilichonialika kwa furaha kubwa "kuzungumza na timu ya mauzo". Nilizungumza nao. Nilijibiwa kwamba huduma hiyo imo katika kifurushi cha juu pekee, kwamba kifurushi hicho kinaanzia idadi ya watumiaji ambayo hatungeifikia hata tukiwahesabu wageni wanaosubiri mapokezi, na kwamba bei yake kwa kila mtumiaji ni zaidi ya mara mbili ya tunayolipa sasa. Vingine vilivyomo humo, yaani ripoti zilizorembwa kwa rangi na msaidizi wa kuandika barua, hakuna aliyewahi kuviomba.

Jina lenyewe, nakiri, linatuponza. Mtu akisikia "kuingia mara moja" humfikiria mvivu asiyetaka kukumbuka nywila mbili, na mkuu wa fedha akipokea ombi lenye maneno hayo huliweka fungu moja na maombi ya viti vya kuzunguka. Yeyote anayetunza akaunti za watu anajua kwamba mfumo huu tunautaka zaidi siku mtu anapoondoka kuliko siku anapoingia. Mwaka juzi, nikipitia orodha ya watumiaji wa programu hii hii, nilikuta jina la mwenzetu aliyekuwa ameacha kazi miezi 7 nyuma. Tulikuwa tumemuaga vizuri, na akaunti yake kuu niliifunga mwenyewe jioni ile ile, kabla hata hajakabidhi kitambulisho cha mlangoni. Barua pepe ilifungwa, mafaili ya pamoja yakafungwa, kompyuta ikarudi stoo. Programu ya mikataba, iliyokuwa na nywila yake ya pembeni, haikuletewa habari hizo, na simu ya dada huyo iliendelea kupokea taarifa kila mteja aliposaini. Nilipompigia alicheka. "Kaka, mimi nilidhani mnajua," akaniambia. "Kila zikija huwa nazifuta." Nilimshukuru kwa uungwana wake, nikakata simu, kisha nikaanza kuwahesabu waliowahi kuondoka kwa ugomvi.

Tangu siku hiyo ninalo jedwali la programu 22, na kila anayeondoka hunilazimu kulipitia mstari kwa mstari, nikiingia mahali 22 kufuta jina moja. Ndiyo kazi ambayo swichi ile ya kijivu ingeifanya kwa mbofyo mmoja: ukiifunga akaunti ya mtu katika mfumo mkuu wa utambulisho, hawezi tena kupata hati iliyosainiwa ya kumwingizia popote. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba hiyo ni "huduma ya hadhi ya juu", namwelewa vibaya, na namwelewa vibaya kwa makusudi.

Haingekera hivi kama teknolojia yenyewe ingekuwa ngeni. SAML 2.0 ilipitishwa na OASIS, shirika la kimataifa la kuweka viwango, kuwa kiwango rasmi mwaka 2005. OpenID Connect (OIDC), ya kazi hiyo hiyo lakini nyepesi zaidi na rahisi zaidi kwa mwandishi wa programu, ilizinduliwa mwaka 2014. Maktaba huria za kuzitekeleza zipo karibu kwa kila lugha ya programu inayotumika kibiashara, na kazi ikishaandikwa kwa ajili ya mteja wa kwanza, mteja wa elfu anatumia msimbo ule ule. Tena muuzaji huyu huyu ameweka kwenye ukurasa wake wa kuingilia, hata kwa kifurushi cha chini kabisa, vitufe vya kuingia kwa akaunti ya Google au ya Microsoft, ambavyo vinafanya jambo la jamii hiyo hiyo. Vitufe hivyo vinasaidia, sikatai. Tatizo ni kwamba mimi msimamizi siruhusiwi kuvifanya vya lazima, hivyo mtumiaji anabaki na nywila yake ya zamani kando, na nywila hiyo ndiyo itakayoishi baada ya yeye kuondoka. Kwa maneno mengine, wanachouza kwa bei ya mara mbili ni ruhusa ya kufunga mlango wa uani.

Malalamiko haya si ya mtu mmoja aliyeamka vibaya. Wasimamizi wa mifumo wameyapa mazoea haya jina, "kodi ya SSO" (SSO ni kifupi cha Kiingereza cha kuingia mara moja), na ipo tovuti ya hadharani, sso.tax, inayoorodhesha kampuni pamoja na kiwango ambacho kila moja inapandisha bei kwa ajili ya huduma hii. Shirika la Marekani la usalama wa mitandao, CISA, pamoja na wenzake wa nchi nyingine, lilitoa mwaka 2023 mwongozo kwa watengenezaji wa programu, na humo limesema waziwazi kwamba uwezo wa kuingia mara moja kwa viwango huria kama SAML na OIDC unapaswa kuwapo tangu mwanzo bila malipo ya ziada. Muuzaji wetu ameuweka mwongozo huo miongoni mwa viungo vya ukurasa wake wa usalama. Natamani angekuwa ameusoma.

Wanaoumia, kama ilivyo kawaida, ni wadogo. Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi inanunua kifurushi cha juu bila kujali, na tayari ina kitengo kizima cha watu wa kuchunguza nani aliingia wapi saa ngapi. Ofisi ya watu 30, ambayo kitengo chake cha usalama ni mimi na kikombe changu, ndiyo inayoambiwa iendelee na nywila. Na bei ya kila kichwa inazaa tabia nyingine: mapokezi yetu yana akaunti moja ya watu watatu, na nywila yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu chini ya kibodi, pamoja na nywila mbili za zamani zilizokatwa kwa mstari mmoja nadhifu.

Wauzaji wana utetezi mmoja ambao sina budi kuukubali, kwa shingo upande. Wanasema kuwaunganisha wateja kunachosha, kwamba kila muunganisho huzaa maombi ya msaada, na kwamba anayejibu maombi hayo analipwa mshahara. Ni kweli. Mwaka jana nilipounganisha programu nyingine, nilikaa tangu saa tatu asubuhi hadi karibu saa kumi nikitazama ujumbe mmoja tu, "Ombi si sahihi", bila neno la pili. Nilikuwa nimebadilishana mafaili ya metadata, yaani maelezo ya kila upande, nimeweka anwani ya kupokelea majibu, nimebandika cheti cha kuthibitisha saini. Kosa lilikuwa mkwaju (/) mmoja. Kitambulisho cha programu kilimalizikia na mkwaju upande wa muuzaji na hakikuwa nao upande wetu, na SAML hulinganisha herufi kwa herufi, haina huruma. Aliyeuona ni kijana wa huduma kwa wateja, ambaye alilazimika kusoma nilichotuma mara mbili kabla ya kunionea haya kwa adabu.

Tena hilo ni jepesi. Jibu la SAML hubeba muda wa kuanza na wa kukoma kutumika, ambao mara nyingi ni dakika chache tu, kwa hiyo saa ya seva ikienda mbele au nyuma kupita kiasi, watu wote hukataliwa kwa pamoja bila kosa lolote lao. Cheti cha kusaini nacho huzeeka. Katika Microsoft Entra, mfumo wa utambulisho wa Microsoft, hupewa miaka 3 usipokibadilisha, muda unaotosha kabisa aliyekiweka awe ameshahama na ukumbusho wa kuisha kwake uwe unaenda katika barua pepe yake iliyofungwa. Usipoacha akaunti moja ya msimamizi nje ya mfumo, yenye nywila ndefu iliyofungiwa mahali salama, utalijua umuhimu wake ukiwa umesimama nje pamoja na wengine. Mimi niliujua hivyo.

Basi tukubali kwamba kazi ipo, na inagharimu. Watutoze ada ya kuunganisha, mara moja, na nitaitetea mbele ya mkuu wa fedha kwa moyo mweupe. Lakini mkwaju wangu ulirekebishwa siku moja, kwa dakika kumi za mtu mmoja. Sielewi kwa hesabu gani unageuka kuwa nyongeza kwa kila mtumiaji, kila mwezi, milele.

Wapo pia wanaosema kwamba kuweka funguo zote mahali pamoja ni hatari, na mfano wao ni mzito: katika uvamizi uliopitia programu ya SolarWinds, kampuni ya Marekani, na kufichuliwa mwaka 2020, wavamizi waliiba funguo za kusainia na kujitengenezea hati za SAML. Sawa. Bado napendelea kulinda mlango mmoja kwa ufunguo wa usalama wa kuchomeka kuliko milango 22 kwa nywila ambazo ni majina ya watoto wa watu. Na wanaonikumbusha kwamba kuingia mara moja pekee hakumwondoi mtu aliyekwisha kuingia, wala hakufuti akaunti yenyewe, wana haki; kazi ya kufuta ni ya SCIM, kiwango cha kufungua na kufuta akaunti kiotomatiki, na tafadhali msiniulize SCIM inauzwa katika kifurushi gani.

Timu ya mauzo nimeijibu kwa barua yenye swali moja: je, mtumiaji wa kifurushi cha chini akiondoka kazini, ninyi mnashauri nifanye nini? Siku ya nne leo, kimya. Katika fomu yetu ya kutathmini programu mpya nimeongeza kipengele, nacho kimepita bila ubishi: isiyo na SSO katika bei ya kawaida haifanyiwi majaribio. Mkataba wa programu hii unaisha baada ya miezi 3, na tayari nimeshaanza kuhamisha nakala za kumbukumbu zetu.

Ijumaa hii mwenzetu wa idara ya ununuzi anaondoka. Jedwali nimelifungua. Programu ya mikataba iko mstari wa 17.