Kumvua samaki na kumrudisha: maoni ya mtu wa Ukerewe aliyeko Nottingham

Ndugu zangu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, wakisikia kwamba Waingereza hukaa kutwa kando ya mfereji, wanamvua samaki, wanampiga picha kisha wanamrudisha majini, huniuliza kama watu hawa wana akili timamu. Kwetu Nansio samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, ni nauli ya meli ya Mwanza. Mimi navua hivyo hivyo hapa Nottingham, na nataka kuutetea uvuvi huu, ingawa si mambo yake yote.

Samoni na trauti tangu zamani walikuwa samaki wa wenye ardhi. Waliobaki wa maji baridi, rochi, brimu, karpi na wenzao, wakawa starehe ya watu wa viwandani na migodini. Mpaka leo, kando ya mto Trent au mifereji iliyochimbwa ili kusafirisha makaa ya mawe, utamkuta dereva wa basi, fundi bomba na mstaafu wamekaa kila mmoja na fimbo yake. Kwetu anayevua kwa starehe ni mtalii. Rubondo, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, mgeni hulipia boti ili apambane na sangara; Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, hulipia nduaro, samaki mkubwa wa baharini. Mtoto aliyezaliwa ziwani hajawahi kuambiwa kwamba maji yale anaweza pia kuyapumzikia. Jambo hili linaniuma.

Kwa mliopo huku, kuanza si kazi. Leseni hutolewa na Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, unainunua mtandaoni. Kila mwenye miaka 13 na kuendelea lazima awe nayo, ila ya watoto wa 13 hadi 16 ni bure. Bila leseni faini yaweza kufika pauni 2,500. Nayo peke yake haitoshi, maana maji yana wenyewe: mfereji huu ni wa chama cha wavuvi, bwawa lile ni la mkulima, na kila mmoja anauza kibali chake. Hapo ndipo ninapolikumbuka ziwa letu na upana wake.

Nunua fimbo nyepesi, mshipi mwembamba, chelezo, wavu wa kuopolea na ndoano ndogo zisizo na kijino, kwa sababu mabwawa mengi hayataki nyingine. Chubwi, yaani vizito vya mshipi, zisiwe za madini ya risasi. Zile ndogo zilipigwa marufuku mwaka 1987 kwa kuwa mabatamaji walikuwa wakizimeza na kufa. Chambo ni funza wa dukani, mahindi matamu ya kopo au kipande cha mkate. Anza na rochi wa mferejini. Karpi mkubwa atakukatia mshipi na kukukatisha tamaa.

Lililo gumu kwetu ni la kutokula. Kwenye mito sheria inaruhusu kuchukua samaki wadogo 15 kwa siku, wasiozidi sentimita 20, lakini mwenye maji lazima akubali, na wengi hawakubali. Ukichukua bila ruhusa umeiba. Nimelielewa hili: maji ni machache na wavuvi ni wengi, na karpi mmoja huvuliwa mara nyingi katika maisha yake. Tungewala, bwawa lingebaki tupu. Ila sikubali kuambiwa kwamba kumrudisha samaki ni ustaarabu kuliko kumla. Anayelisha nyumba kwa sangara au dagaa naye amemheshimu samaki.

Vivyo hivyo kuhusu kufunga maji. Huku, kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, mito imefungwa kwa rochi, brimu na wenzao ili wazae kwa utulivu, na wavuvi hutii. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilisikia Watanzania wenzangu wa Ulaya wakiwabeza wavuvi wa Kigoma kwa kulalamika. Si haki hata kidogo. Mwingereza akifungiwa mto anakosa starehe ya Jumamosi, tena mabwawa na mifereji mingi iko wazi, na mshahara wake unaingia vilevile. Mvuvi wa Kigoma akifungiwa ziwa, jiko lake linazimika. Ziwa lipumzike, ndiyo, lakini wavuvi wapewe kitu cha kushika miezi hiyo mitatu.

Kilichonivutia zaidi kwenye uvuvi huu ni watu. Mtaani kwangu majirani hupishana kimya. Kando ya maji, mpita njia husimama, huuliza umepata nini, hukaa, na baada ya saa moja umeshajua habari za wajukuu zake. Ni mahali pekee hapa panaponikumbusha mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga kwetu. Wewe uliyekuja juzi na unakaa chumbani wikendi nzima na simu, jaribu.

Na nyumbani, natamani halmashauri za Mwanza, Musoma na Bukoba zitenge kipande cha ufuko kisicho mwalo wa biashara, kilichohakikiwa kuwa hakina mamba wala kichocho, ambapo mtoto atakaa na mzazi wake na ufito mmoja. Akinasa sato asiyefikia sentimita 25 zinazotakiwa na sheria yetu, amrudishe. Akinasa aliyezidi, ampeleke jikoni.