Msimpe mtoto mgeni nafasi ya mgeni

Wiki iliyopita nilialikwa kuangalia igizo la darasani, watoto wa miaka kumi, kumi na moja hivi, mada yao ilikuwa kumpokea mgeni. Mwalimu kajiandaa kweli, mavazi yapo, mistari imekaririwa, na nafasi ya mgeni kapewa mtoto aliyehamia shule ile muhula huu huu, mtoto ambaye mpaka leo wenzake wanaiga lafudhi yake wakiwa kwenye foleni ya chooni. Nilipouliza kwa nini yeye nikaambiwa "ataiweza, si anaijua hali yenyewe."

Akaingia na begi mgongoni. Wenzake wakamzomea, mmoja akaiga anavyoongea, mwingine akaziba pua, na hayo yote yalikuwa yameandikwa, walitakiwa wafanye hivyo. Alafu mzee wa kijiji (mtoto mwenye ndevu za pamba) akasema maneno matatu manne kuhusu upendo, wakakumbatiana, makofi, basi. Mimi nilikuwa namwangalia yule kijana mikono yake. Wenzake wanainama kushukuru watazamaji, yeye bado kashika kamba za begi kwa mikono yote miwili, kakaza vidole mpaka vimepauka, na ndani ya begi lenyewe hamna kitu, wamejaza magazeti tu. Wenzake walishatoka kwenye igizo, yeye kaachwa mle ndani.

Nimekaa na hii kitu siku kadhaa na bado inanichoma. Hebu pigeni hesabu ya zile dakika kumi. Tisa darasa zima limeruhusiwa, tena mbele ya wazazi, kumfanyia mwenzao yale yale wanayokatazwa kumfanyia nje, na dakika moja ya mwisho ni ya kumkumbatia. Ipi unadhani walienda nayo nyumbani?

Mimi naamini sana maigizo darasani, nimeyatumia miaka mingi na sitayaacha. Ila kama tunataka kuchunguza tunavyowaona watu wa kuja basi anayetakiwa kuwekwa kwenye mwanga ni mwenyeji. Mgeni hana siri yoyote ya kutufunulia, anataka maji na mahali pa kulala, tunajua. Yule aliyesimama mlangoni ndiye hatujui kichwani mwake kuna nini na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui.

Kuna mwalimu mmoja niliwahi kukaa darasani kwake kipindi kizima nikajifunza zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Aliwaambia watoto ninyi ni watu wa bonde lenye kisima kimoja, kiangazi kimekuwa kirefu, haya kila mtu aniambie anafanya kazi gani bondeni. Akawaacha wakajenga, huyu mchunga mbuzi, huyu fundi wa paa, huyu anatunza ufunguo wa kisima. Alafu akatoka nje akajifunga kitambaa kichwani akagonga. Yeye mwenyewe ndiye akawa mgeni. Mbinu hii ya mwalimu kuingia kwenye uhusika tunamshukuru zaidi Dorothy Heathcote, mama wa Kiingereza aliyeacha shule na miaka 14 akafanya kazi kiwandani, kiwanda cha vitambaa vya sufu, baadaye akaja kufundisha walimu pale Newcastle.

"Nimetembea siku tatu," mwalimu akasema, "naomba kulala." Watoto wema kabisa, mama karibu, mama kaa hapa, kijana mmoja akamtandikia sweta lake sakafuni. Mwalimu akashukuru, akakaa, akavuta pumzi, akasema taratibu, "Wenzangu wako nyuma. Tuko arobaini."

Mngesikia ule ukimya. Kisha wote wakaanza kwa mkupuo, kisima kitakauka, tutalala wapi, wana magonjwa hao, mtoto mmoja mdogo mdogo hivi akasimama akasema kwa sauti ya mtu mzima "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe", mwingine akamjibu lakini hawa hata siku ya kwanza haijaisha. Na yule wa sweta akainuka bila kuongea na mtu, akaenda akaliokota sweta lake, akachukua kiti, akakiweka kikaziba mlango. Hakuna aliyemtuma.

Mwalimu hakumkemea. Akasimamisha igizo, wote wagande walivyo, akapita akimgusa mmoja mmoja bega aseme alichonacho moyoni. Alipofika kwenye kiti yule kijana akasema, "Mimi simchukii. Naogopa nikimruhusu, maji yakiisha watanilaumu mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote nilikuwa nawafundisha watoto wasichukie wakati tatizo la wengi wao halikuwa chuki. Walikuwa wanawaogopa wenzao. Hotuba ya mzee mwenye ndevu za pamba haifiki huko hata iwe nzuri vipi, maana inamjibu mtu mwenye chuki, na mtu mwenye chuki kwenye lile chumba alikuwa labda mmoja.

Walirudia tukio. Augusto Boal, yule Mbrazili, kwenye maigizo yake mtazamaji anasimamisha mchezo anaingia kuchukua nafasi ya anayeonewa, ajaribu njia nyingine. Namheshimu, lakini kwa mada hii naona ukimbadilisha mgeni unamwambia mgeni ajitahidi zaidi, aombe vizuri zaidi, na ameshaomba vya kutosha. Mwalimu huyu alibadilisha aliyesimama karibu na kiti. Msichana mmoja akaingia, hakubishana na mtu, akasema tu "wapeni maji kwanza, kikao baadaye", na akamwambia yule kijana "wakikulaumu, tutalaumiwa wawili." Kiti kikasogea. Kidogo, kama shubiri mbili, ila kikasogea.

Najua mtasema je darasa likiamua kuwafukuza. Inatokea, nimeiona, na nakubali inauma kuitazama. Msiikimbilie kuirekebisha. Waacheni wakae nayo, kesho yake waigize kuwa wazee miaka hamsini mbele, mjukuu anawauliza usiku ule bibi ulikuwa wapi.

Na wanaosema dawa ni watoto waonje ubaguzi wenyewe, wanamtaja Jane Elliott, mwalimu wa jimbo la Iowa, Marekani, aliyegawa darasa lake la tatu kwa rangi ya macho mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Alikuwa na ujasiri, sibishi. Ila watoto waliobaguliwa siku ile walibaguliwa kweli, hakukuwa na bonde wala kisima cha kubuni kati yao na maumivu, na sitaki mwalimu yeyote aige hiyo bila kujua anashika nini. Igizo lina mlango wa kuingia na wa kutokea. Vua kitambaa, taja jina lako kwa sauti, kaeni duara muongee. Kabila au nchi halisi msiitaje, lafudhi msiigize.

Na yule aliyehamia juzi mwacheni achague.

Nimeongea na mwalimu wa lile igizo, mwanzoni aliumia, akaniambia lakini mtoto alipigiwa makofi. Tukaongea kirefu. Mwezi ujao atarudia, safari hii mgeni ni yeye mwenyewe na watoto wote ni wenyeji. Alimwita yule kijana akamuuliza anataka kuwa nani bondeni. Kasema anataka kutunza ufunguo wa kisima.