Upepo, pepo na Roho: neno pneuma katika Yohana 3

Jumuiya yetu ndogondogo hapa Bagamoyo ilikuwa ikisoma Yohana 3, tukafika mstari wa 8: "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda, kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Kijana mmoja akasema kwamba katika Kigiriki "upepo" na "Roho" hapo ni neno moja, pneuma. Ni kweli. Kisha akaongeza: ikiwa ni upepo, basi Roho Mtakatifu ni nguvu tu ya Mungu, si nafsi. Mama mmoja akamwita mzushi, na tukatawanyika bila sala ya kufunga. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu swali la kijana lilistahili jibu.

Watu wa pwani tuna bahati katika jambo hili. Pepo ni wingi wa upepo, na pepo pia ndiye anayempanda mtu kichwani. Jioni tunakwenda ufukweni kupunga upepo. Mganga naye hupunga pepo. Hata "roho" tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ruh, ina undugu na rih, yaani upepo, na Kiebrania husema ruach kwa vyote viwili. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeligawa neno hilo moja la Kigiriki mara tatu: Roho katika sehemu nyingi, pepo mchafu katika Marko 1:23, upepo katika Yohana 3:8. Katika Waebrania 1:7, malaika wanafanywa "kuwa pepo", na hapo Kiswahili kimebeba maana zote mbili kama Kigiriki chenyewe.

Kijana hakukosa hoja. Pneuma katika sarufi ya Kigiriki si la kiume wala la kike. Maandiko husema Roho humwagwa na watu hujazwa naye, na hatujazoea kusema hivyo juu ya mtu. Mwanzo 1:2 yetu inasoma "Roho ya Mungu ikatulia", kwa ngeli ya vitu.

Lakini ngeli haiwezi kubeba mzigo huo. Tunasema "baba yangu" kwa kiambishi kilekile cha "nyumba yangu", na hakuna anayedhani baba ni kitu. Mimi ninaangalia zaidi vitenzi. Katika Matendo 13:2 Roho Mtakatifu anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli." Katika Waefeso 4:30 tunakatazwa kumhuzunisha. Katika 1 Wakorintho 12:11 anagawa karama "kama apendavyo yeye". Kusi halihuzuniki. Kwa hiyo kuhusu nafsi ya Roho nasimama na yule mama, na Kanisa lilikwisha kukiri mwaka 381 kwamba Roho ni Bwana mleta uzima.

Hata hivyo, upande wetu nao una hoja moja ninayotamani tuiache. Husemwa kwamba Yohana 16:13 inathibitisha nafsi ya Roho kwa sababu Kigiriki hapo kinatumia "yeye" ya kiume. Lakini kiwakilishi hicho kinaweza kuwa kinarudi kwa Msaidizi wa mstari wa 7, parakletos, ambalo ni neno la kiume. Hiyo ni sarufi tu. Tukimkataza kijana kujenga imani juu ya jinsi ya neno, sisi tusijenge hapohapo.

Upepo nao tusiufukuze. Yohana alikuwa na neno jingine la upepo, anemos, na amelitumia katika 6:18 bahari inapochafuka. Mbele ya Nikodemo, Farisayo ambaye Yesu anazungumza naye katika sura hii ya 3, hakulitumia. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni hapa mwaka 1868 walikuwa na Biblia ya Kilatini inayosema *Spiritus ubi vult spirat*, na mwishoni mwa mstari huohuo ni *Spiritus* tena. Msomaji wa Kilatini alisikia mwangwi huo moja kwa moja. Msomaji wa Kiswahili anauona tu akiambiwa, na ndiyo maana namshukuru kijana yule kwa kutuambia.

Nimeusoma tena mstari huo polepole. Kinacholinganishwa na upepo, ukitazama vizuri, ni "kila mtu aliyezaliwa kwa Roho". Yesu hakuwa akimweleza Nikodemo Roho ni kitu gani. Alikuwa akimweleza mzee yule, aliyekuja usiku, kwamba aliyezaliwa upya hutambulika kwa sauti yake ingawa hujui ametoka wapi wala anakwenda wapi. Tulibishana saa nzima bila kufika kwenye maneno hayo, na kikao kijacho nitaomba tuanzie hapo, kijana yule akiwepo.