Mkopo Mwingine, Mfereji Ule Ule

Juzi asubuhi niko Majengo, hapa Mombasa, nasubiri matatu, redio ya kibanda cha mahamri ikatangaza mkopo mwingine wa maji kwa Pwani. Mabilioni, bila shaka. Hatua chache kutoka hapo bomba limepasuka, maji yanakimbilia mtaroni, na Bi Mkubwa mmoja kainama na kikombe anajaza mtungi wa lita 20. "Chota nawe, mwanangu," akaniambia. "Haya ndiyo ya serikali."

Nilicheka. Kufika Makupa hasira zishanipanda.

Sikatai, kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba la miaka ya 1950; Baricho kwenye mto Sabaki; Marere na Tiwi kule Kwale. Bwawa la Mwache, huko huko Kwale, ambalo Benki ya Dunia imelikopeshea Kenya, lahitajika. Haya, nimekubali.

Lakini hayo maji ya Mwache yakishafika mjini yatapita wapi? Si kwenye mabomba haya haya? Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi wetu ni mwenye bauza na mwenye mkokoteni, na sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Ugomvi wangu ni kukopa ili tujaze pakacha. Maji yaliyomwagikia mtaroni hayalipiwi na mtu, ila deni lake litalipwa, tena kwa pesa za kigeni, shilingi ikiwa juu au chini. Pesa za kwanza zingefukua mabomba mtaa kwa mtaa, Kisauni, Likoni, Changamwe, zibadilishe yaliyooza na mita zilizokufa. Ila nani atakata utepe juu ya vali iliyozikwa chini ya lami? Hema la waziri litapigwa wapi, katikati ya barabara?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema maji safi ya kutosha ni haki yangu. Kwangu haki hiyo hufika saa nane za usiku, mara moja kwa wiki, ikijaliwa. Mfereji hukoroma kwanza, unatema upepo, na mita inazunguka kwa upepo huo huo.

Jioni nikapita tena Majengo. Bomba lingali linamwaga, na kijana wa mkokoteni kapanga mitungi yake foleni. Nikamuuliza bei. Nikanunua miwili.