Kegi ndogo au chupa: bia ya kunywea nyumbani

Wapo wanaoiona kegi ndogo, yaani pipa la chuma la lita 5, kuwa ndiyo maendeleo, na chupa ya kurudisha kuwa mambo ya kizamani. Kegi ina sifa zake, lakini naona chupa inaonewa.

Chuma hakipitishi mwanga, na mwanga ndio unaoharibu hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, hadi bia itoe harufu mbaya. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo. Kegi haivunjiki, ina bomba lake, na bia hutoka na povu zuri kama ya baa. Kwa wanaoishi juu kwenye mawe ya Mabatini, Mwanza, ambako bodaboda inakuachia chini na ngazi zinakusubiri, kupandisha kegi moja ni nafuu kuliko kreti. Kopo nalo linazuia mwanga, linapoa haraka, na tupu lake waokota makopo hawaliachi.

Shida ya kegi inaanza ukishaifungua. Zile za kawaida hazina gesi ya kusukuma bia ndani: unafungua tundu la juu hewa iingie, ndipo bia iteremke kwenye bomba la chini, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoichosha. Usiku ule ni tamu, kesho yake inanyweka, keshokutwa gesi ya bia yenyewe imekwisha na ladha imepotea. Ile ya Heineken, yenye gesi yake ndani, hudumu hadi siku 30 baada ya kufunguliwa, ila lazima ikae kwenye baridi muda wote. Na lita 5 hazipoi kwa saa mbili. Ziingie kwenye friji tangu jana yake, la sivyo utamimina povu tupu. Umeme ukikatika mchana kutwa, jioni huna bia.

Sasa piga hesabu. Lita 5 ni chupa 10 za nusu lita. Bia ikiwa na kilevi cha asilimia 5, humo mna mililita 250 za kilevi kitupu. Watu wawili wakiifungua, kila mmoja ana chupa tano mbele yake, awe na hamu nazo au asiwe nazo, maana keshokutwa itakuwa imeharibika. Mtu anaendelea kunywa ili kuokoa hela yake, na asubuhi ana kazi. Kwenye mazungumzo ya bei jambo hili halitajwi kabisa, wakati kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Chupa haikusukumi hivyo. Unafungua moja kwa sato wa kuchoma, ukitosheka unaacha, na zilizobaki zinakaa na vizibo vyake hadi Jumamosi.

Tena chupa inarudi. Kampuni za bia za TBL na Serengeti zote zina viwanda Mwanza, kwa hiyo tupu la Igoma au Kirumba halina safari ndefu kabla ya kuoshwa na kujazwa upya. Kegi ikiisha ni chuma chakavu.

Ukiwa na wageni ishirini uani, nunua kegi. Itaisha kabla hewa haijaifanya lolote. Ila muulize muuzaji kwanza kama ina gesi ndani. Kwa nyumba ya watu wawili watatu, peleka matupu yako dukani ubadilishe.