Punda Amebeba i7

Kompyuta ilifika kwetu Mkomani, Lamu, juu ya mgongo wa punda, imefungwa kamba pamoja na mkungu wa ndizi za mtu mwingine. Ubavuni ina stika ya buluu inayong'aa: Core i7, jina la prosesa yenye nguvu, yaani ubongo wa kompyuta. Muuzaji, mtu mzima wa Langoni ambaye mimi humwita ami, aliniapia mpaka nikamwonea huruma.

Kazi niliyoinunulia ni moja tu. Kuna programu ya bure iitwayo BOINC, imetoka Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley. Ukiiweka, kompyuta yako huwapigia wanasayansi hesabu zao huku wewe umelala. Mimi nikachagua mradi wake mmoja, Einstein@Home, unaosaka nyota ziitwazo pulsa. Mwaka 2010 kompyuta za wanandoa wa Iowa, Marekani, na ya Mjerumani mmoja ziliibua pulsa mpya, habari ikaenea dunia nzima. Basi barazani nikatangaza mapema kwamba Lamu nayo itapata nyota yake. Wazee wakaniuliza itaonekana saa ngapi.

Prosesa niliyoahidiwa ingeweza kushika hesabu 8 kwa mpigo. Nikawasha, nikangoja. Zikaenda 2. Feni inanguruma chumba kizima, hesabu ni 2 tu. Nikafungua kumbukumbu za programu, na pale juu, bila haya: GenuineIntel, Core 2 Duo E8400, Family 6 Model 23 Stepping 10. Chuma cha mwaka 2008!

Ijumaa asubuhi nikaibeba hadi dukani, na nusu ya baraza nyuma yangu.

"Mwanangu," akasema ami, "vitu vya bure ndivyo vinavyodanganya."

Nikamweleza kwamba programu haibahatishi wala haisomi stika. Inaiuliza prosesa yenyewe, kwa amri iitwayo CPUID, na prosesa hujitaja: kiwanda, familia, modeli.

"Kwani inasema?"

"Inasema, ami."

"Basi uongo imefunzwa kwako. Ilipotoka hapa ilikuwa kimya."

Baraza likahukumu ifunguliwe. Tukang'oa feni, likatoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Chini yake prosesa imefunikwa ile dawa ya kijivu ya kupoza joto, imekauka, haisomeki hata herufi. Ami, kwa hasira za mtu aliyesingiziwa, akaifuta kwa mkono wa kanzu. Kanzu nyeupe, ya Ijumaa, imepigwa pasi hadi inakata.

Maandishi yakajitokeza yamechongwa vizuri kabisa: E8400.

"Imeandikwa ngapi?" akauliza mzee mmoja aliyesahau miwani. Hakuna aliyemjibu. Ami mwenyewe alikuwa ameikodolea macho kanzu, ambayo sasa ilikuwa kijivu mpaka kwenye kiwiko.

"Hii utanilipa," akaniambia.

Akavuta droo atafute kitambaa. Kitambaa hakikuwamo. Zilikuwamo stika, karatasi nzima nzima, mpya, zimepangwa safu: i3, i5, i7. Watu wote wakainamia droo, na yule mzee asiye na miwani akainama kuliko wote.

Ami hakupepesa jicho. Akapekua karatasi ya chini kabisa, akabandua moja kwa ukucha, akanishikisha kiganjani na kunifumba vidole.

"Tusigombane siku ya Ijumaa, mwanangu. Saba imekukataa. Chukua tisa."