Sikumchana Mama Mkwe, Ni Besi Iliyopotea

Kabla ya yote: ile video mnayorushiana kwenye magrupu imekatwa. Aliyeirekodi anajijua. Ni mshikaji wangu kabisa, ubwabwa wa shughuli tumekula wote tangu tuko msingi, na bado akaona sawa achukue zile sekunde tu, akaandika juu yake, "Msanii amchana mama mkwe wa dada yake laivu ukumbini." Mimi sijamchana wala kumsema vibaya mtu jamani. Nilipeleka wimbo wa kumwingiza bi harusi. Kilichotokea pale ni suala la kitaalamu, na leo nitalieleza hata kama hamtaki, maana jana konda wa daladala amenirudishia chenji, akaniangalia vizuri, akasema, "Wewe si ndiye wa riba?"

Wadau wa siku zote studio yangu mnaijua. Kwa mliokuja juzi kwa sababu ya ile video, karibuni, ila mjue mmenikuta vibaya. Studio ni chumba changu cha kulala. Kitanda kimesimamishwa, godoro limebanwa dirishani, laptopu inahema kuliko mimi, na maiki ni ya kondensa, ile ya USB. Lile godoro mlilisifia sana kwenye picha. Sasa sikieni: godoro linaua mwangwi wa humo ndani, sauti yako isigonge ukuta ikarudi. Sauti ya nje halina habari nayo. Ikitaka kuingia inaingia, inavua viatu, inakaa. Na maiki ya kondensa haichagui, inanasa hadi jirani anayemenya kitunguu.

Mdundo niliutengenezea FL Studio, ile programu ya muziki ya Wabelgiji ambayo kaka zetu bado wanaiita Fruity Loops wakati jina lilibadilishwa tangu 2003. Nilikuwa na ya majaribio. Najua mtaniuliza kwa nini sikuchukua ya kuvunjwa, ile ya wizi isiyodai malipo, iliyo kwenye flashi ya kila produsa hapa mjini. Nilishaichukua. Ilikuja na kirusi kikafuta picha zote za kipaimara cha dada, kwa hiyo nyumbani hilo jambo halitajwi.

Ile ya majaribio ni tamu. Inakupa kila kitu, inakuruhusu kuhifadhi kazi, inakuruhusu kutoa wimbo kama faili. Ila ukishaifunga, kazi uliyohifadhi haifunguki tena mpaka ulipie. Taarifa hiyo nimeipata baada ya kufunga. Basi mduara wangu wote, kiki (ngoma nzito inayogonga chini), besi, sneya (ngoma kali inayoijibu), kinanda, manyanga, hadi ile sehemu ya mwisho inayokimbia kuwa singeli ya mapigo 210 kwa dakika, ukabaki faili moja limeshikana. Kupunguza kitu humo ni kutaka kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva.

Nikahamia Reaper, programu nyingine, kwa ajili ya kumiksi, yaani kuchanganya mdundo na sauti. Hiyo unajaribu siku 60, na zikiisha inafunguka vilevile, inakukumbusha tu kistaarabu kwamba leseni ni dola 60, wewe unaangalia pembeni kidogo, maisha yanaendelea. Tena imekuja na vyombo vyake ndani: ReaEQ ya kuchonga sauti, ReaComp ya kubana, ReaTune ya kunyoosha pale ulipopinda. Mimi nimepinda sehemu nyingi.

Tatizo mdundo ulisikika umejikunyata, umekaa katikati ya kichwa. Nikaingia YouTube. Kuna dogo huko, ana taa za zambarau na kofia ndani ya nyumba, anasema ukitaka mdundo ufunguke geuza wimbi la upande wa kulia, pale la kushoto linapopanda la kulia lishuke. Nikageuza. Wanangu! Nina hedifoni zile zenye besi ya kuongezewa, na nawaambia kiki ilitoka kichwani ikaenda kusimama karibu na kabati. Nilisimama. Nilijipigia makofi mwenyewe chumbani.

Kuimba niliimba mimi. (Usicheke, wewe wa Mbagala, nakuona.) Siku hiyo Mama alikuwa nje chini ya dirisha anachambua mchele, simu ameibana kwa bega, anaongea na mama mdogo. Nikiisikiliza sauti yangu peke yake, Mama yumo, hapo kwenye nafasi kati ya ubeti na kiitikio. Nikirudisha mdundo, hayupo. Kelele kubwa inafunika ndogo, na nyimbo nyingi mnazozipenda zinaishi kwa huruma hiyo. Kukikata kile kipande ilikuwa kazi ya sekunde tano. Ila chakula kilikuwa kimeiva, na kwetu ukichelewa unakuta ukoko.

Nilichokifanya baada ya kula ndicho kilichonimaliza. Niliweka kompresa. Kompresa inazikandamiza sauti zilizopanda, halafu wewe unainua zote kwa pamoja, kwa hiyo na zile za chini nazo zinapanda: pumzi, kuku, mama mzazi. Nikaweka ReaTune kwa kasi yake ya mwisho, ile ya roboti. Nikamalizia na mwangwi unaorudia neno la mwisho, maana bila mwangwi wimbo wa harusi ni tangazo la msiba.

Wimbo nikauficha. Nikasema hakuna kumtumia mtu, iwe sapraizi.

Haya, ukumbi wa Tabata, usiku wa sendofu. Meza ya wazazi imepambwa. Upande wa bwana harusi wamekaa mbele kulia, mama mkwe na kilemba chake cha dhahabu, mbele yake soda ya machungwa na mrija ule unaopitisha macho. Mama yangu yuko na kina mama wa kamati, kitenge sare, kitambaa cheupe mkononi tayari kwa kupunga. MC anasema, "Mabibi na mabwana, wimbo huu ametunga kaka wa bi harusi kwa mikono yake mwenyewe!" Vigelegele. Mlango ukafunguliwa. Dada yumo mlangoni na wapambe wake, mguu wa kulia mbele, maana wiki nzima nilimfundisha kwa kumpigia meza: unaingia na kiki, ikigonga ndiyo unakanyaga.

Fundi mitambo akachomeka flashi.

Chaka-chaka. Chaka-chaka.

Manyanga. Nikasubiri kiki.

Chaka-chaka. Chaka-chaka.

Dada ameinua mguu. Anasubiri kiki. Mguu uko hewani, kiatu kinameta, wapambe sita nao wameinua miguu yao, wanasubiri kiki. Hakuna kiki. Besi haipo. Kinanda unasikia mkia wake tu, kama kimepita nje ya ukumbi na kuendelea na safari zake. Halafu ikaingia sauti yangu, safi, tupu, haina mtu wa kuisindikiza, imenyooshwa hadi inatetemeka: "Dada yetuuu, leo umependezaaa."

Nikamwangalia fundi. Fundi akaona wimbo uko chini, akaupandisha. Akaangalia tena. Akaupandisha tena.

Ubeti ukaisha. Na hapo, kwenye ile nafasi ambapo ngoma zilitakiwa kuporomoka kwa kishindo, ukumbi mzima ukanyamaza, na kwenye spika zote nane akaingia Mama. Kwa sauti ya roboti. Kwenye noti.

"Milioni mbili waliseeema wenyewe, wameleta nuuusu!"

Mama mkwe alikuwa anavuta soda. Niliiona kwa macho yangu. Ilipanda kwenye mrija hadi katikati, ikasimama, ikarudi chini taratibu.

"Halafu yule mama anavyotembeeea, utadhani amelipa na riba!"

Na mwangwi, ule wangu, nilioupima mwenyewe kwa mikono yangu uendane na mwendo wa wimbo: "Riba... riba... riba..."

Kile kitambaa cheupe cha Mama kilikuwa hewani, kikabaki hewani. Ye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujijua. Pembeni yake baba mkubwa, ambaye masikio yamepunguza kazi, akapiga makofi akasema kwa nguvu, "Huyu mwimbaji wa kike ni nani? Ana kipaji!"

Mimi tayari nilikuwa nakimbia. Kutoka meza yetu hadi kwa fundi ni kama hatua ishirini, ila katikati yupo MC, na MC akajua nakuja kujitambulisha. Akanikamata mkono. "Huyu hapa msanii wetuuu!" Mwanaume yule ana mkono mzito jamani. Navuta, ananivuta. Nasema, "Zima, zima," yeye ameniwekea maiki mdomoni, kwa hiyo na ile "zima" ikatoka kwenye spika zote nane.

Wajuzi wa kazi hii mnajua ninakoelekea. Kiitikio sikukiimba mara mbili. Nilikinakili, nikakibandika mbele. Pamoja na ile nafasi iliyokitangulia.

"Milioni mbili waliseeema wenyewe..."

Mara hii vijana wa meza za nyuma walikuwa wameshaushika. Ilipofika "riba" waliitikia wote, kwa mpangilio mzuri kuliko kwaya, na wengine wamesimama juu ya viti. Hapo ndipo video ya mshikaji inapoanzia. Hakuwaonyesha MC ameninyonga mkono. Hakuwaonyesha dada amekaa sakafuni anacheka hadi kope ya bandia imehamia shavuni. Amewaonyesha mimi, maiki mdomoni, na ukumbi unaimba riba, uso wangu unasema mimi ndiye niliyepanga. Singeli ya mwisho nayo ikaanza, yaani manyanga matupu kwa kasi ya 210, na watoto wawili wakaingia katikati kuicheza kwa moyo wote mpaka fundi alipochomoa flashi.

Fundi ndiye aliyenifundisha, nyuma ya spika, huku nimejificha. Kwenye ukumbi mkubwa yeye anatuma sauti moja kote, mono, ili aliyekaa kushoto asisikie kinanda na wa kulia asikie manyanga. Sasa mchanganye kushoto na kulia wakati kulia umekugeuza kichwa chini. Chochote kilichokaa katikati, kiki, besi, sneya, ni moja toa moja. Kinabaki kilichokuwa pembeni, manyanga na mkia wa kinanda. Sauti yangu, na ya mzazi wangu, niliiweka baadaye juu ya mdundo, haikugeuzwa, kwa hiyo ilibaki nzima na afya tele. Kwenye hedifoni huwezi kuliona hilo hata ukeshe, kila sikio lina spika yake, hazikutani popote. "Ungesikiliza hata kwenye kiswaswadu, kisimu cha vitufe," akaniambia. "Kina spika moja, kingekuumbua ukiwa kwenu." Nimeenda kuangalia Reaper, kitufe cha mono kiko palepale kwenye masta, pale sauti zote zinapokutana mwisho. Nimekipita muda wote huo nikidhani ni cha watu wenye spika moja. Halafu akaniuliza mbona sikuweka hata geti ya kufunga sauti mahali mimi siimbi. Sikumjibu, nilikuwa nachungulia kama Mama anakuja.

Yaliyofuata nayafupisha. Kwenye bajaji Mama hakusema neno mpaka Buguruni, halafu akasema, "Ila sauti ninayo." Dada ameniambia nisamehewe ila nisiguse tena kitu chochote kinachochomekwa kwenye umeme hadi harusi ipite. Kamati imenihamishia kitengo cha barafu. Wazee wa pande zote mbili wamekaa kikao, mshenga ameongea Kiswahili kirefu cha kupoza watu, na Jumatatu saa mbili asubuhi simu ya baba ikalia: nusu iliyobaki imeingia, pamoja na ya kutolea. Riba hawakuweka.

Mama mkwe hajanipigia. Aliyenitafuta ni shemeji, bwana harusi mwenyewe, usiku wa manane, na najua ni usiri wa familia ila nyie mmeshaona mabaya yangu yote. Ameandika: "Shem, lile la mama. Una toleo lenye besi?"